Mama amefika na uchungu wa mwanzo: jinsi ya kumpima kabla ya kumlaza

Mwongozo huu ni wa muuguzi mkunga anayepokea wazazi kwenye kituo cha afya au hospitali ya wilaya nchini Tanzania, hasa yule wa zamu ya usiku ambaye daktari wake yuko mbali na vitanda vya leba vimejaa. Mama anafika akiwa ameshika kiuno, wifi yake amebeba beseni na kanga, anasema: "Nesi, uchungu umenianza." Wengi wetu tunakimbilia kumpima njia, yaani kuangalia kwa vidole mlango wa kizazi umefunguka sentimita ngapi. Sentimita ni muhimu, lakini zije mwisho, kwa sababu yapo maswali mawili yanayozitangulia. La kwanza: je, kwa huyu mama au mtoto wake kuna jambo lisilokubali kusubiri? La pili: kama halipo, atasubiri wapi, na nani, mpaka saa ngapi? Mama mwenye sentimita 2 na presha 160/110 ni wa dharura. Mama mwenye sentimita 2, presha nzuri na mtoto anayecheza, lakini kwao ni ng'ambo ya mto na mvua inanyesha, si wa dharura, ila kumwambia "nenda, utarudi" si jibu.

Makosa yapo pande zote mbili. Anayelazwa mapema mno hulala kitandani, hupimwa njia mara nyingi, na baada ya saa sita watu huanza kusema "huyu haendi". Chupa, yaani mfuko wa maji ya uzazi, inapasuliwa, dripu ya oksitosini ya kuongeza uchungu inatundikwa, na mara nyingine safari inaishia chumba cha upasuaji, ilhali uchungu wenyewe ulikuwa haujachanganya, yaani haujakolea. Ni kweli wanaolazwa mapema huishia na dripu na upasuaji zaidi, ingawa baadhi yao walikuja mapema kwa sababu uchungu wao ulikuwa mgumu tangu mwanzo. Anayerudishwa bila maelekezo naye anaweza kujifungulia kwenye bodaboda. Ndiyo maana mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 hayakuweka sheria ya kuwakataa wazazi hadi uchungu uchanganye. Yanasema aliye kwenye hatua ya awali naye apokewe na kusaidiwa.

Kuhusu mpaka wa hatua hizo, tukubaliane mapema. Hatua ya awali ni uchungu wenye maumivu na shingo ya kizazi inayobadilika, njia ikiwa chini ya sentimita 5. Kuanzia 5, uchungu ukiwa wa mfululizo na shingo imeisha au imebaki nyembamba, amechanganya. Kama wodi yenu bado inatumia patografu ya zamani, chati ya kufuatilia mwendo wa leba, yenyewe huanza kwenye 4. Fuateni iliyopo ukutani kwenu, lakini zamu zote zitumie namba moja. Zamu ya mchana ikihesabu kutoka 4 na ya usiku kutoka 5, mama yuleyule atahesabiwa kuchelewa mchana, usiku ahesabiwe yuko sawa.

Akipiga simu kabla ya kuja

Ongea na mama mwenyewe, si mume wala mama mkwe. Wao wanakupa hofu yao, na wewe unahitaji pumzi yake. Mwache aongee, mkae kwenye simu mpaka uchungu mmoja uje na kupita. Anayeendelea kuzungumza uchungu ukiwa umeshika kwa kawaida bado ana muda. Anayekatisha neno, akanyamaza au akaguna, kisha akarudi baada ya sekunde arobaini na kuuliza "ulisema nini?", huyo aanze safari.

Uliza uzao wa ngapi, miezi mingapi, kama aliwahi kufanyiwa upasuaji, kama chupa imepasuka na maji yana rangi gani, kama kuna damu, kama mtoto anacheza, na kutoka alipo mpaka kituoni ni muda gani na kwa usafiri gani. Akikutajia damu mbichi, maji ya kijani, kichwa kinachouma sana, macho kuona ukungu, degedege, mtoto kutocheza, kitu kinachoning'inia ukeni au kovu la upasuaji, usiendelee kuhoji. Mwambie aje sasa. Kama hana usafiri, apige 115, namba ya bure ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito. Andika simu hiyo kwenye daftari: saa, jina, ulichoambiwa, ulichoshauri. Akipiga mara ya pili kwa tatizo lilelile aje apimwe, hata kama majibu yake yanaonekana mazuri.

Dakika tano za kwanza

Kabla hujafungua kadi, mtazame anavyotembea kutoka getini hadi kwenye benchi. Anasimama mara ngapi? Anashika ukuta? Anaguna kutoka tumboni huku amebana pumzi? Akisema "nataka choo kikubwa", usimwonyeshe choo. Mpeleke kitandani, vaa glovu, angalia kama kichwa kinaonekana.

Kisha angalia yasiyosubiri. Damu mbichi inayolowesha kanga: usiingize kidole, weka dripu, ita msaada, kwa sababu kondo la nyuma huenda limekaa mlangoni na kidole chako kinaweza kulitoboa. Tumbo gumu kama ubao lisilolegea na linalouma muda wote, hata kama damu ni kidogo: fikiria kondo lililoachia, au kizazi kinachopasuka kama ana kovu. Kitovu kikionekana ukeni, muinamishe kwa magoti na kifua, makalio juu, vaa glovu tasa uinue kichwa cha mtoto kwa vidole kisikibane kitovu, usijaribu kukirudisha ndani, na mkono wako ubaki hapo hadi mahali pa upasuaji.

Presha ipimwe akiwa ameketi, mkono umeegemea usawa wa moyo, uchungu ukiwa umepita. Ukipima katikati ya uchungu utapata namba ya juu isiyo yake, na ukipima kwa kitambaa kidogo kwenye mkono mnene vilevile. Ikifika 140/90 au zaidi, rudia na upime protini kwenye mkojo. Ikifika 160/110, au kama kuna maumivu ya kichwa, macho kuona ukungu, maumivu ya chembe ya moyo au degedege, swali la kulazwa limeshajibiwa. Anza magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, hapohapo kituoni kabla ya kumpa rufaa: gramu 4 kwa mshipa, polepole, zisipungue dakika 5, na gramu 10 kwenye makalio, yaani gramu 5 kila upande na mililita 1 ya lignokaini (dawa ya ganzi) ya asilimia 2 katika kila bomba. Kwa ampuli ya asilimia 50, gramu 4 za mshipani ni mililita 8, ziongezwe mililita 12 za maji ya sindano zifike 20. Soma kibandiko kwanza, kwani ampuli haziji zote kwa nguvu moja, na kosa hapa linazima upumuaji wa mama. Mpe pia dawa ya kushusha presha, kwa mfano nifedipini ya kumeza miligramu 10.

Joto la 37.5 na kuendelea na mapigo ya 120 na kuendelea yanataka sababu: pima malaria kwa kipimo cha haraka, pima mkojo, nusa maji ya uzazi. Maambukizi ya njia ya mkojo huuma kiunoni na chini ya tumbo, na mara nyingi hupewa jina la uchungu.

Maswali, na jinsi ya kuyauliza

Chukua kadi ya kliniki, RCH 4, uisome mbele yake huku ukimuuliza. Kadi husahau na mama naye husahau, lakini mara chache husahau jambo lilelile. Uzao wa ngapi, watoto wangapi wako hai, aliyetangulia alizaliwaje na kwa muda gani, alitokwa damu nyingi au kondo lilikataa kutoka, aliwahi kuzaa mtoto mfu. Kundi la damu, wingi wa damu, majibu ya VVU na kaswende. Kama hakupimwa au alipimwa mwanzoni tu mwa ujauzito, mpime sasa. Kama anatumia ARV, muulize dozi ya leo ameimeza saa ngapi. Muulize hayo pembeni. Mama mkwe aombwe kwa heshima, "Mama, tunaomba utupishe kidogo, nitakuita", kwa sababu mbele yake hatajibu kuhusu VVU, wala kuhusu mimba iliyoharibika kabla ya ndoa, wala kama nyumbani anapigwa.

Umri wa mimba uhesabu mwenyewe kutoka tarehe ya hedhi ya mwisho. Usichukue kauli ya "miezi tisa". Chini ya wiki 37 haendi nyumbani. Kwa wiki 24 hadi 34, kama umri wa mimba una uhakika, hana dalili ya maambukizi na anapelekwa mahali panapoweza kumhudumia mtoto njiti, deksamethasoni ya misuli, ya kukomaza mapafu ya mtoto, miligramu 6 kila saa 12, mara nne, ni jambo la kuamua pamoja na daktari mapema, siyo baada ya muda wa saa nane kupita.

Uchungu ulianza lini? Hapa kuna mtego wa lugha yetu unaoharibu mafaili mengi. Mama anasema "saa mbili", mwandishi anaandika 02:00. Saa mbili ya mama ni 08:00 au 20:00, na saa nane usiku ndiyo 02:00. Muulize asubuhi au usiku, baada ya adhana ya alfajiri au kabla, watoto walikuwa wamelala au bado, ndipo uandike kwa mfumo wa saa 24. Kosa la saa sita linatosha kumfanya mama mzima aonekane amechelewa, au aliyepasuka chupa tangu jana aonekane ni wa leo.

Chupa: imepasuka saa ngapi, maji yalimwagika au yanachuruzika, rangi gani, harufu gani. Mpe pedi safi, mwambie atembee nusu saa, kisha iangalie wewe mwenyewe. Mkojo una harufu yake. Maji ya uzazi hayana harufu ya mkojo, na yakiwa ya kijani au ya kahawia mtoto amepata haja, abaki. Chupa ikiwa imepasuka na uchungu haujachanganya, usimpime njia kwa vidole bila sababu. Kila kidole kinapandisha vijidudu. Ikifika saa 18 tangu ipasuke, anahitaji antibayotiki, mfano ampisilini gramu 2 kwa mshipa kila saa 6 mpaka ajifungue.

Ute: ule mzito wenye michirizi ya damu ni dalili njema ya mlango kuanza kufunguka. Damu inayotiririka kama hedhi si ute.

Miti shamba: usiulize "umekunywa dawa za kienyeji?" kwa sauti ya askari. Sema: "Kina mama wengi nyumbani hupewa dawa ya kuongeza uchungu. Wewe umepewa nini leo?" Akikubali, tegemea uchungu usiolingana na njia, yaani zaidi ya 5 katika dakika 10 au unaoshika zaidi ya dakika moja, na mapigo ya mtoto yanayoshuka. Huyo hafai kurudi nyumbani, na hafai kabisa kuongezewa oksitosini.

Malizia kwa matatu madogo: amekula lini, amelala lini, amekojoa lini. Mama ambaye hajalala usiku mbili anaweza kuwa na sentimita 2 na akawa amechoka kuliko mwenye 7.

Tumbo

Akojoe kwanza. Kibofu kilichojaa huinua kichwa, huongeza urefu wa tumbo na huuma. Mlaze kidogo upande wa kushoto, weka kanga iliyokunjwa chini ya kiuno cha kulia, kwani akilala chali mzigo wote unakandamiza mshipa mkubwa na mapigo ya mtoto yanaweza kushuka kwa sababu yako tu. Pasha mikono.

Tazama kovu. Pima urefu kwa utepe kutoka mfupa wa kinena hadi juu ya kizazi. Sentimita zikizidi sana wiki za mimba fikiria pacha, mtoto mkubwa au maji mengi. Tafuta mgongo, tafuta kichwa. Kichwa kisichokuwa chini, mtoto aliyelala kikingamo, pacha: hawa si wa kusubiri nyumbani hata wakiwa na sentimita 1, na kama kituo chenu hakina chumba cha upasuaji, rufaa ianze sasa wakati barabara bado ina mwanga. Kisha pima kichwa kimeshuka kiasi gani kwa vidole vitano juu ya kinena: vidole vitano vyote vikikaa juu ya kichwa ni 5/5, viwili ni 2/5 na kimeshaingia kwenye nyonga. Kipimo hiki kinakuambia mambo ambayo sentimita hazisemi, na hakimuumizi mtu.

Sasa uchungu. Keti. Weka kiganja juu ya kizazi, karibu na mbavu, saa yenye mshale wa sekunde ikiwa mbele yako, ubaki hapo dakika 10 kamili. Mkono wako utausikia uchungu kabla mama hajakunja uso, na utabaki umeusikia baada ya yeye kushusha pumzi. Bonyeza kwa ncha ya kidole ukiwa kileleni: kikizama kama kwenye ncha ya pua, ni mwepesi, kama kwenye kidevu, ni wa wastani, kama kwenye paji la uso, una nguvu. Andika hivi: "3 katika dakika 10, sekunde 35, wastani". Mkunga anayehesabu dakika 3 na kuzidisha hupata namba ya kubuni, na ndiyo inayomlaza mama asiyestahili au kumrudisha anayestahili kubaki. Hizi dakika 10 hazipotei. Ndani yake mama anazoea mkono wako, na ndipo mara nyingi anapokutajia lile alilolificha benchini.

Mapigo ya mtoto yasikilizwe kwa Pinard (bomba la kusikilizia moyo wa mtoto) au dopla (kifaa cha umeme cha kazi hiyohiyo). Ukitumia Pinard, ikandamize kwa sikio upande wa mgongo wa mtoto kisha achia mkono, huku vidole vyako vikiwa kwenye kifundo cha mkono wa mama kuhesabu mapigo yake. Zikifuatana namba moja, umesikiliza moyo wa mama. Hesabu dakika nzima, uanze mwishoni mwa uchungu na uendelee angalau nusu dakika baada ya kizazi kulegea, maana mtoto aliyechoka hujionyesha hapo. Kawaida ni 110 hadi 160. Yakishuka chini ya 110, mgeuze kushoto, zima oksitosini kama ipo, sikiliza tena. Yakiendelea hivyo baada ya uchungu tatu mfululizo, mwite daktari au mpe rufaa.

Kupima njia

Kwa sasa unajua kama kipimo hiki kinahitajika. Usipime kama kuna damu mbichi na hujui kondo liko wapi. Kwa chupa iliyopasuka bila uchungu wa mfululizo, tumia spekulamu tasa (kifaa cha kufungulia uke ili uone ndani) kama ipo, au subiri.

Mweleze: "Mama, naomba nikupime njia. Nitaingiza vidole viwili polepole, uchungu ukiisha. Ukitaka niache, sema acha, nitaacha." Na akisema acha, uache. Pazia livutwe. Kunyoa na kumpiga enema havihitajiki, havisaidii. Nawa, glovu tasa, safisha kwa maji safi.

Tafuta mambo sita kwa mpangilio uleule kila mara ili usisahau: mlango uko nyuma au umekuja mbele, mgumu kama ncha ya pua au laini kama mdomo, shingo ni ndefu, imefupika au imeisha, imefunguka ngapi, chupa ipo au haipo, kilichotangulia ni nini na kuna kitovu kando yake? Kuhusu namba, vidole vyetu havilingani. Chora duara za sentimita 1 hadi 10 kwenye kadibodi, ning'iniza leba, kila mmoja ajue vidole vyake viwili vikibanana ni sentimita ngapi. Tofauti ya sentimita moja kati ya wakunga wawili ni ya kawaida, kwa hiyo ikiwezekana aliyempima mwanzo ndiye ampime tena.

Kusoma ulichokipata kunategemea uzao. Kwa uzao wa kwanza, shingo hukonda kwanza na kuisha, ndipo mlango unafunguka. Sentimita 2 na shingo imeisha kabisa ni kazi kubwa iliyokwishafanyika, usimwambie "bado hujaanza". Aliyezaa kabla, mlango unaweza kukaa wazi sentimita 2 au 3 kwa wiki kadhaa huku akilima na kuchota maji, kwa hiyo 3 bila uchungu wa mfululizo si leba. Lakini yeye huyohuyo akiwa na 4, shingo laini na uchungu 3 wenye nguvu, anaweza kujifungua kabla hujamaliza kujaza rejista.

Uamuzi

Aliyechanganya, mwenye 5 na zaidi, aende leba na fomu ya kufuatilia leba ianze. Aliyezaa kabla mwenye 4 na uchungu wenye nguvu aende naye, usibishane na sentimita moja.

Asiyechanganya lakini haendi nyumbani ni huyu: mwenye kovu la upasuaji, presha, pacha, mtoto aliyekaa vibaya, mimba chini ya wiki 37, chupa iliyopasuka, homa, damu, upungufu mkubwa wa damu, mtoto aliyepunguza kucheza. Aliyezaa mara tano au zaidi, aliyetokwa damu nyingi mara iliyopita, aliyepoteza mtoto, ambaye uzazi wake wa nyuma ulikwenda kasi. Aliye zaidi ya saa moja kutoka kituoni, asiye na usafiri wa usiku, asiye na mtu mzima nyumbani. Aliyekuja mara tatu ndani ya siku moja. Na yule anayesema tu, "Sista, mimi naogopa kurudi." Hofu hiyo ni sababu tosha. Kama kuna chigonella, yaani nyumba ya wajawazito kusubiria kujifungua, aende huko. Kama haipo, benchi lenye kivuli karibu na wodi na ndugu mmoja wa kumsugua kiuno ni bora kuliko kitanda cha leba, mradi jina lake liko kwenye ubao wenu na mtu anajua kuwa ni wake.

Anayebaki, kila saa sikiliza mapigo ya mtoto, hesabu uchungu, tazama dalili za hatari na hali yake ya kihisia. Kila saa 4 pima joto, mapigo, presha na njia, huku wale wa chupa iliyopasuka wakipimwa njia kwa sababu maalumu tu. Atembee, ale uji, anywe chai, akojoe kila saa mbili, apumzike kwa ubavu. Maumivu yakimnyima usingizi, parasetamo gramu 1. Usimpasulie chupa, usimtundikie oksitosini ili "kumsaidia". Zikipita saa 8 tangu abaki, uchungu umeongezeka nguvu na kasi lakini njia haijasogea, mpe rufaa haraka. Kama uchungu umepoa, chupa nzima, njia ileile, ulikuwa si uchungu wa kweli, na anaweza kurudi nyumbani akijua hivyo.

Kumruhusu arudi nyumbani

Kurudi nyumbani ni dozi kama dawa nyingine, ina muda na masharti, na huandikwa. Mwandikie kwenye karatasi, kisha mwombe akuelezee yeye na aliyemsindikiza. "Umeelewa?" hujibiwa "ndiyo" na kila mtu. Uliza hivi: "Ukifika nyumbani, ni kitu gani kitakufanya uje mbio?"

Kwa uzao wa kwanza, arudi uchungu ukifika 3 katika dakika 10, ukishika sekunde 40 au zaidi, kwa muda wa saa nzima. Aliyezaa kabla asisubiri hivyo, aje ukianza kufuatana kila dakika 10. Wote waje papo hapo chupa ikipasuka, damu ikitoka, mtoto akipunguza kucheza, homa, kichwa au macho. Bila lolote, waje kwa saa uliyowapangia, mfano kesho saa mbili asubuhi, si "ukiona vipi". Parasetamo vidonge viwili vya miligramu 500 kila saa 6, visizidi vinane kwa siku. Aoge maji ya uvuguvugu, ale, alale mchana. Dawa ya kuongeza uchungu, iwe ya mti au ya duka, asipokee hata ikiletwa na mtu anayempenda. Mpe namba ya simu ya wodi, si yako binafsi, maana wewe utakuwa umelala.

Usimruhusu usiku wa manane kwa sababu tu vitanda vimejaa. Na neno "umekuja bure" lisitoke mdomoni mwako. Mama aliyelisikia mara moja huchelewa mara ya pili, na ile mara ya pili ndiyo mara nyingi huwa yenyewe. Mwambie, "Umefanya vizuri kuja, mtoto yuko salama, uchungu bado unajipanga."

Karatasi na zamu

Hata usipomlaza, andika: saa ya kufika, saa ya kuondoka, presha, joto, mapigo ya mtoto, uchungu, kichwa kiko ngapi kwa tano, njia kama umeipima, ushauri, saa ya kurudi, namba ya simu yake na ya jirani. Anayepewa rufaa aende na barua yenye dawa alizopewa na saa zake, hasa magnesiamu, kwa sababu anayempokea asipojua gramu 14 zimeingia anaweza kuzirudia. Piga simu mbele, utaje jina la aliyepokea simu.

Wakati wa kubadilishana zamu, wanaosubiri benchini wapitiwe mmoja mmoja kama walio kitandani, na mkunga anayeingia aende kuwaona kwa macho. Yule aliyepangiwa saa mbili asubuhi na hakuonekana apigiwe simu kabla ya saa nne.